Masijala Hatukufungua Bahasha ya Mtu

Ndugu Mwenyekiti, maafisa utumishi, maafisa TEHAMA wenzangu, habari za asubuhi na asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie barua pepe binafsi na viambatisho vinavyoelemea seva za ofisi. Nitaanzia masijala, maana huko ndiko nilikoanzia kazi mwaka 1996, kabla sijapelekwa kusomea kompyuta.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Kila asubuhi tarishi alirudi kutoka posta na mfuko wa barua za S.L.P. ya ofisi. Barua hazikuletwa mlangoni kwa mtu, na si kila mfanyakazi aliweza kulipia sanduku lake, hivyo anwani ya mwajiri ilikuwa pia anwani ya mfanyakazi, ya mkewe, na ya mtoto aliyeko shule ya bweni. Ukimwaga mfuko mezani unakuta waraka wa wizara, ankara ya mzabuni, na barua ya shangazi kutoka Songea. Bahasha iliyoandikwa cheo tuliifungua kwa kisu, tukaigonga mhuri wa tarehe, tukaiingiza daftarini na kuipa folio, yaani namba yake, kwenye jalada lake. Bahasha iliyotanguliwa na jina la mtu kisu hakikuigusa. Iliwekwa kwenye kijisanduku chake ukutani, ikamsubiri mwenyewe. Na mtu akitumiwa kifurushi, posta hawakukisokomeza sandukuni. Waliweka kikaratasi cha taarifa, naye akakifuata dirishani na kitambulisho chake.

Kwa hiyo barua binafsi kupitia kwa mwajiri si jambo lililoletwa na intaneti. Tulishaishi nalo miaka mingi, na tuliishi nalo kwa heshima. Ninachokuja kuwaambia leo ni kwamba seva inaweza kufanya kazi ya masijala ile ile: ipime uzito, iangalie aina ya mzigo, imwambie mtumaji ukweli, na isisome kilichoandikwa ndani.

Sikulijua hilo tangu mwanzo. Niwaeleze nilivyolijua.

Mwaka 2007 nilikuwa nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi moja yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi mikoani. Matawi yalitumia dishi la setilaiti, kilobiti 128 kwa sekunde kwa tawi zima. Ijumaa moja asubuhi mhasibu wa tawi akanipigia simu. "Dada, kibali cha malipo ya vibarua mbona hakijaingia?" Nikamwambia kimetoka huku jana saa tisa alasiri. Akanijibu kwamba kompyuta yake inasema inapokea barua ya 4 kati ya 31, na imesimama hapo hapo tangu jana jioni. Vibarua walikuwa wameshafika, wamekaa chini ya mwembe nje ya dirisha lake, na alisikia wakimsema.

Nikaingia kwenye seva. Barua ya 4 ilikuwa video ya sherehe ya kumuaga binti wa mwenzetu mmoja, MB 18, na ilikuwa imetumwa kwenye orodha ya "wote", yaani watu 212. Baba wa binti alikuwa na furaha, akataka kila mtu aione. Simlaumu hata leo.

Nataka tukae kidogo kwenye hesabu ya barua ile, kwa sababu wengi tunaweka vikomo bila kuielewa. SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, iliandikwa mwaka 1982 kwa ajili ya maandishi matupu. Picha au video haipiti hapo mpaka igeuzwe kuwa herufi, na katika kugeuzwa huko kila baiti 3 huwa herufi 4. Video ya MB 18 ikasafiri ikiwa na MB 24. Kwa mtandao wa tawi lile, nakala moja ilihitaji dakika 25, tena iwapo hakuna mwingine anayegusa mtandao. Tawi lilikuwa na watu 9, kila mmoja na nakala yake. Hapo tunazungumzia karibu saa nne. Na huku makao makuu seva iliandika nakala 212 kwenye diski, GB 5 kwa sherehe moja.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni POP, itifaki ambayo kompyuta ya mtu huitumia kuvuta barua zake kutoka kwenye seva. Programu za barua zilipokea moja baada ya nyingine kwa foleni, na setilaiti ikikatika katikati ya barua kubwa, barua ile huanza upya kutoka baiti ya kwanza. Isitoshe, POP huzifuta barua zilizokwisha kupokelewa pale tu mazungumzo yanapofungwa vizuri. Yakikatika, hazifutwi, na programu nyingi zilizivuta tena. Ndiyo sababu watu wa mikoani walilalamika kuona barua ile ile mara tatu. Video ilikaa mbele ya foleni kama lori lililoharibikia darajani, na nyuma yake, barua ya 19, kulikuwa na kibali cha KB 40.

Nilijitolea kumsomea mhasibu kibali kwa simu. Akakataa, na alikuwa sahihi, fedha hailipwi kwa maneno ya simu. Nikaifuta video kwenye visanduku vya tawi lile, kimoja kimoja, bila kumuuliza mtu. Kibali kiliingia saa kumi jioni. Benki ilikuwa imeshafunga. Wale watu walirudi nyumbani mikono mitupu mpaka Jumatatu.

Jumatatu hiyo uongozi ulikuja juu. Likatoka agizo: viambatisho binafsi marufuku, na mimi nifungue visanduku vya wafanyakazi, nitengeneze orodha ya wanaopokea barua zisizo za kazi. Nilifanya. Siku ya pili ya kazi hiyo nilifungua barua, nikasoma majibu ya vipimo vya hospitali vya mtu niliyekuwa nakula naye chakula cha mchana. Nilikuwa natafuta video za harusi. Nimekaa masijala miaka mingi, sikuwahi kufungua bahasha ya namna ile, na hapo nilikuwa nimeifungua kwa kubofya mara moja tu. Sikumwambia mtu yeyote. Ila mezani pale sikuweza tena kumtazama kama zamani, na nadhani alihisi.

Na marufuku yenyewe ilileta nini? Haikupita miezi miwili watu wakawa wamefungua akaunti za bure nje ya ofisi. Barua zao binafsi zikahamia huko, na kazi ikafuata, kwa sababu mtu akishazoea kisanduku kimoja hataki viwili. Rasimu za mikataba, bei za wazabuni, majina ya waombaji kazi, vyote vikawa vinazunguka kwenye akaunti ambazo ofisi haina funguo zake. Afisa ununuzi alipohama, mazungumzo ya mkataba wa mwaka mzima yaliondoka naye. Hakuiba kitu. Yalikuwa kwenye kisanduku chake, na kisanduku kilikuwa chake kweli.

Maafisa utumishi, hili ndilo ningependa mlibebe zaidi: marufuku isiyo na njia mbadala huhamisha mzigo. Mzigo haupungui, ila unaacha kuuona.

Na tusidhani kiambatisho kilizaliwa kwa ajili ya kazi, kisha watu wakakiharibu. Tarehe 11 Machi 1992 Mmarekani Nathaniel Borenstein, mmoja wa walioandika utaratibu wa MIME unaowezesha viambatisho, alituma barua yenye picha na sauti. Ilikuwa picha ya kikundi chake cha uimbaji, wanaume wanne, na wimbo wao. Kiambatisho cha kwanza cha MIME kilikuwa marafiki wakiimba. Kwa hiyo baba wa binti hakukosea namna ya kutumia chombo. Sisi wasimamizi ndio hatukukipa chombo mahali pa kupitisha furaha yake bila kuziba njia ya wengine.

Basi tulibadilisha, na tulianza na orodha ya "wote", maana penye watu 212 kosa moja linakuwa makosa 212. Tukaamua wanaoruhusiwa kuitumia ni watatu tu. Kando yake tukafungua orodha nyingine, tukaiita "jamii", ambayo mtu anajiunga kwa hiari na kutoka kwa hiari. Msiba, harusi, mgonjwa, michango, vyote huko. Ila maandishi matupu. Programu ya Mailman, iliyokuwa inaendesha orodha zetu, huja ikiwa na kikomo cha KB 40 kwa ujumbe, nasi tukakiacha hapo hapo. KB 40 zinatosha kabisa kutangaza msiba, mahali pa kuzika na namba ya mweka hazina. Niliogopa watu wangelalamika. Hawakulalamika. Waliojiunga walikuwa wengi, na sijawahi kusikia mtu akisema tangazo la msiba lilipungua uzito kwa kukosa picha.

Anayedhani orodha kubwa ni jambo dogo akumbuke Uingereza, Novemba 2016. Mfanyakazi wa huduma ya afya ya taifa, NHS, alituma barua ya majaribio kwenye orodha aliyodhani ni ndogo, kumbe ina mamia ya maelfu ya watu. Wakaanza kujibu kwa wote: "niondoeni", "acheni kujibu kwa wote". Kila ombi la kuondolewa likawa barua mpya kwa mamia ya maelfu, na mfumo ukalemewa.

Kisha kikomo cha ukubwa. Postfix, programu ya seva inayopokea na kusafirisha barua, huja na kikomo cha baiti 10,240,000 kwa barua nzima. Mkumbuke ile hesabu ya baiti 3 kuwa herufi 4: kikomo hicho, kwa faili aliyonayo mtumiaji mezani, ni kama MB 7 na nusu. Mtu anakuja kwako amekasirika, "faili yangu ni MB 8, mmetangaza MB 10, kwa nini imekataliwa?" Na ana haki. Tangazeni namba anayoiona yeye kwenye kompyuta yake, msitangaze ile ya seva.

Kikomo peke yake ni ukuta. Mlango wake ni kile kikaratasi cha posta. Tuliweka folda kwenye seva ya ndani: mtu anaweka faili kubwa pale, anatuma kiungo. Barua inabaki KB chache, na mwenye kuhitaji video anaifuata mwenyewe kwa wakati wake, usiku kama mtandao ni mwembamba. Faili za folda ile hufutwa baada ya siku 30, na tarehe ya kufutwa imeandikwa juu kabisa, mtu asije akadai hakujua. Nimeona ofisi zinaweka kikomo leo na kuahidi folda "awamu ya pili". Msifanye hivyo. Folda itangulie hata kwa siku moja.

Sasa kuna anayewaza kwamba hayo yalikuwa mambo ya setilaiti. Ni kweli, SEACOM, kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilipofika Dar es Salaam Julai 2009, njia ilipanuka, na leo MB 24 ni sekunde chache. Njia imepanuka, lakini diski za akiba bado zinajazwa kila usiku kwa nakala za nakala, na kiambatisho kibaya sasa kinafika haraka kuliko zamani.

Tarehe 4 Mei 2000 ndiyo siku tunayopaswa kuikumbuka. Barua iliyoanzia Ufilipino yenye kichwa cha habari cha kumwambia mtu anapendwa ilizunguka dunia kwa saa chache. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kompyuta za Windows zilikuwa zinaficha sehemu ya mwisho ya jina, hivyo macho yaliona TXT, maandishi tu, kumbe ni programu. Ukiifungua inaharibu picha zako na kujituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani. Hata bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake siku hiyo. Angalieni ilijivika nguo gani: haikuja kama ankara, ilikuja kama barua binafsi kutoka kwa mtu unayemfahamu.

Hapo ndipo seva ifanye ukali wote. Faili za programu, yaani exe, scr, vbs, js, na majina yenye viishio viwili, zikataliwe bila kujali mtumaji ni nani, awe mkurugenzi, awe fundi. Msiishie kwenye jina, kwa sababu jina hubadilishwa. Kuna programu kama Amavis inayotazama baiti za mwanzo za faili na kuitambua ilivyo, kisha ClamAV ikatafuta virusi. Hiyo ni mashine inayotafuta alama inazozijua. Haijui habari za majibu ya hospitali, na haitamtazama mtu vibaya mezani. Faili za zip zenye nywila ni ngumu kidogo. Mashine haioni ndani, lakini mabenki na wakaguzi wa hesabu huzituma kihalali. Hizo sisi tunaziweka karantini na kumjulisha mpokeaji siku hiyo hiyo. Akisema anamjua mtumaji na anaitarajia, tunaitoa.

Lipo kosa moja ambalo nikilikuta kwenye seva ya mtu huwa naumia, nalo ni kufuta kimya kimya. Barua inapokewa, kichujio hakiipendi, inatupwa, na hakuna anayejua. Mtumaji anadhani imefika. Mpokeaji anadhani mwenzake hajatuma. Watu wanakosana, zabuni inachelewa, na msimamizi amelala. Masijala hilo lingekuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Kataeni mlangoni. Wakati seva ya mtumaji bado iko kwenye mazungumzo na ya kwenu, jibuni kwa namba ya 550, ambayo maana yake ni "imekataliwa", na barua itabaki mikononi mwake, naye atajulishwa na seva yake mwenyewe. Msiipokee kwanza ndipo mkairudisha baadaye, kwa sababu anwani ya mtumaji kwenye barua taka huwa ya kughushi, na taarifa yenu itamwangukia mtu asiyehusika hata kidogo. Na kwenye jibu lile la kukataa Postfix inakuruhusu kuandika maneno yako. Yaandikeni kwa Kiswahili. Lugha yetu haina herufi za alama za juu, inapita kwenye SMTP ya 1982 bila kugeuzwa popote. Letu linasomeka hivi: "Barua haikupokelewa kwa sababu ina faili aina ya exe. Tafadhali tuma bila faili hiyo au piga simu ofisi ya TEHAMA." Siku tulipoliweka, simu za malalamiko ziligeuka kuwa simu za maswali.

Kuhusu kusoma barua za watu, sheria sasa inatusaidia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inataja hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana yao ya 2019. Na ipo kesi ya Ulaya ambayo haitufungi sisi, lakini inafaa isomwe na kila afisa utumishi. Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Bărbulescu, Mromania aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake na nduguye na mchumba wake kwenye akaunti ya kazini. Mahakama haikusema mwajiri hana haki ya kusimamia vyombo vyake. Ilipinga, pamoja na mengine, kwamba mtu hakuwa ameambiwa mapema kiasi cha ufuatiliaji huo, wala kwamba maneno yake yenyewe yangesomwa.

Sisi tuliandika karatasi moja, upande mmoja. Inasema seva inapima nini, inakataa nini, inahifadhi kumbukumbu za nani kamwandikia nani na lini, na kwamba hakuna mtu atakayefungua kisanduku cha mwenzake isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa, kwa saini ya afisa utumishi, tukiwa wawili chumbani. Mimi nikiwa na nywila ya msimamizi sina ruhusa ya kuingia peke yangu. Niliomba mwenyewe kipengele hicho kiwekwe.

Tumekitumia mara chache. Mara mojawapo, mwenzetu alifariki ghafla, na baada ya arobaini mjane wake akaja ofisini. Hakuja kudai mafao, hayo yalikuwa yanashughulikiwa. Alisema marehemu alikuwa akijitumia picha za watoto kwenye barua pepe ya kazini ili azitazame mchana, na simu yake ilipotea siku ya ajali. Kwa marufuku yetu ya kwanza picha zile zisingekuwepo.

Tulikaa wawili, mimi na afisa utumishi. Tukatazama mtumaji na kichwa cha barua tu. Za kazi zikaenda kwa aliyerithi meza yake. Alizojitumia mwenyewe zenye viambatisho vya picha tukazinakili kwenye flashi bila kuzifungua, 64 kwa jumla. Nyingine binafsi, ambazo hakuziomba na hatukujua marehemu angependa zisomwe na nani, tukazifuta kwa maandishi yenye saini zetu mbili. Flashi tuliitia kwenye bahasha ya khaki, tukaandika jina la mama yule juu, tukaifunga. Akaisainia kwenye daftari la masijala.